Askari wa Chiriku

Machi 3

Baba Chiriku,

Nakusalimu haraka kabla mwenyewe Chiriku hajaninyang'anya kalamu. Sisi wazima. Cherehani nzima, paa limeacha kuvuja upande wa kitanda likahamia upande wa meza, na mwanao ana habari itakayokufanya utembee kifua mbele huko kambini kwenu darajani.

Shule tunayotaka kumwandikisha wamesema kila mtoto apimwe kwanza: macho, masikio, kilo na damu. Tukaenda zahanati karibu mtaa mzima, mimi na Mama Pacha na pacha wake na wengineo. Chiriku alipanda kiti cha maabara akanyoosha mkono mwenyewe. Mpimaji, kijana mmoja wa miwani, akamwuliza, "Huogopi sindano?" Akamjibu, "Sindano zimejaa nyumbani, mama anazo za kila namna." Watu wakacheka mpaka foleni ikavunjika. Pacha mmoja wa Mama Pacha alilia hadi akatapika, lakini hayo si yangu kuyasema.

Sasa sikiliza. Majibu yalipotoka nilimwuliza yule mpimaji mistari hii ni ya nini, akaniambia chembe nyeupe za damu ndio askari wa mwili, ndio wanaopigana na maradhi. Nikachungulia karatasi ya pacha wa kwanza: elfu nane. Wa pili: elfu saba na kitu. Nikatazama ya mwanao: elfu kumi na tisa na mia sita. Baba Chiriku, sisi hatulei mtoto, tunalea jeshi. Na pembeni ya namba hiyo wamechora mshale unaotazama juu. Wengine hawakuchorewa. Nilipita foleni nzima nikiwaonyesha. Wapo waliotazama ukutani. Wivu hauna tiba.

Daktari, binti mdogo tu, rika la mdogo wangu wa mwisho, amesema tumrudishe baada ya wiki mbili wapime tena. Nadhani naye hakuyaamini macho yake.

Halafu kuna mashavu. Ulimwacha mtoto ana shingo kama uzi. Dada yako alipokuja mwaka jana akaniuliza mbele ya wageni, "Wifi, huyu mnamlisha upepo?" Mimi neno hilo sikulimeza, nililiweka shavuni. Basi ukimwona Chiriku leo utampita njiani. Gauni la maua nimelifumua ubavuni mara mbili. Anaamka anaomba chakula, analala anaomba chakula. Wifi juzi alipita, akamtazama, akanywa chai yake akaondoka. Siri ya mapishi yangu iko ndani ya kopo la vifungo, utaijua ukirudi.

Nakuwekea nakala ya majibu. Nyingine nimeibandika ukutani juu ya cherehani, wateja waione wakati ninawapima. Na picha yake ndiyo hiyo. Barua nampa Dereva wa lori la saruji kama kawaida, mpaka hapo wakubwa wenu watakapokumbuka kuwaletea mtandao wa simu.

Ni mimi, fundi wako usiyemlipa,
Mama Chiriku


Machi 10

Mama Chiriku,

Barua nimepata na picha nimepata. Tunaendelea na daraja. Nguzo mbili zimesimama. Mimi mzima, mgongo tu.

Nimefurahi lakini nina swali. Mtoto aliyepata maksi nzuri huwa harudishwi kufanya mtihani upya. Huyo daktari alisema wanarudia kwa sababu gani?

Karatasi nilimwonyesha mtu wa huduma ya kwanza hapa kambini, huyu tunayemwita Bwana Bandeji. Aliisoma, akavua kofia, akaivaa tena. Ameniambia nikuulize mambo haya, nawe unijibu bila kunipambia:

Je, mtoto ana homa inayokwenda na kurudi? Ana uvimbe shingoni au kwapani? Anapata alama nyeusi mwilini bila kuanguka? Fizi zinatoa damu? Analalamika mifupa? Kuna dawa yoyote anayotumia?

Usiogope. Ni maswali tu. Bwana Bandeji anapenda maswali.

Picha nimeibandika juu ya kitanda. Wenzangu wanasema mtoto amefanana na bosi.

Baba Chiriku


Machi 18

Baba Chiriku,

Nimejibu swali moja moja usije ukasema napamba. Homa hana. Uvimbe hana, nimempapasa shingo mpaka akasema ninamtekenya. Alama nyeusi anayo moja gotini, alianguka akimfukuza bata wa jirani. Fizi safi. Mifupa haimwumi, inayoniuma ni yangu kwa kumbeba, maana sasa ana uzito. Dawa hajameza tangu ile malaria ya mwaka juzi.

Jana tumerudi zahanati. Wamepima. Ni elfu ishirini na moja.

Mimi nilianza kutabasamu. Yule daktari mdogo akafunga mlango, akaniambia, "Mama, hizi si maksi."

Nikamwambia, "Lakini si ndio askari?"

"Ndio askari. Ukiamka asubuhi ukakuta askari wamejaa mtaani kwenu, unafurahi au unauliza kuna nini?"

Nikamwambia nauliza kuna nini.

"Basi na mimi ndicho ninachouliza."

Akamvua Chiriku gauni, akambonyeza tumbo, akamtazama mdomoni, akamwinua kope. Akaniuliza chakula, akaniuliza maji ya kunywa, akaniuliza minyoo, akaniuliza dawa. Nikamwambia kama nilivyokwambia wewe. Akasema askari wakizidi hivi mara nyingi kuna ugonjwa wanaupiga, lakini huyu haonekani mgonjwa, na hilo ndilo linalomsumbua. Kisha akaeleza mengine mengi. Daktari yule anaongea kama redio, mengine sikuyashika. Ameandika tukaonwe hospitali kubwa kwa kipimo kingine. Kipimo tu.

Wewe zege lako liangalie, usije ukaangusha daraja kwa mawazo. Mimi nimeongeza bidii ya kumlisha, maana mtoto anayepimwa pimwa anahitaji nguvu. Nilichokuwa nampa asubuhi sasa nampa na jioni.

Mama Pacha amekuja kuniomba siri ya mashavu. Nimempa, mimi si mchoyo. Na mke wa fundi baiskeli naye nimempa. Acha mtaa wote ushibe.

Ile karatasi ya ukutani nimeitoa. Ukuta unataka kupakwa rangi.

Mama Chiriku


Machi 25

Mama Chiriku,

Ukuta ule niliupaka rangi mwenyewe kabla sijaondoka.

Nitasema moja kwa moja. Siku ile ya kwanza Bwana Bandeji aliniambia kuna ugonjwa gani unaoweza kuleta namba kama hiyo kwa mtoto. Aliniambia si lazima uwe huo, yapo mengine kumi. Mimi nililisikia neno moja tu. Sikukuandikia kwa sababu nilifikiri ukilisoma peke yako utaanguka. Sasa naona unajua. Mtu asiyejua haandiki "kipimo tu" akaishia hapo.

Saratani ya damu. Nimeliandika, na kalamu haikuvunjika.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi amesema hakuna anayeondoka mpaka sakafu ya daraja imwagwe zege, halafu ataniruhusu. Sikugombana naye. Angeniachisha kazi, na hospitali itataka baba mwenye kazi.

Jambo jingine. Dereva alimwona Chiriku alipokuja kuchukua barua. Amerudi anasifu: uso wa mviringo, mashavu yamemeza macho. Yeye alikuwa anacheka. Mimi sikucheka na sijui kwa nini. Mtoto wetu hana ukoo wa unene upande wowote. Mimi ni fito, wewe ni fito iliyovaa vizuri.

Kipimo hicho ni kipi? Niambie kilivyo.

Baba Chiriku


Aprili 3

Baba Chiriku,

Kaa chini, hii ndefu.

Ndiyo, nilijua. Daktari mdogo alilitaja neno hilo siku ile alipofunga mlango, nami nililishika kuliko yote aliyosema. Nilikuwa nakulinda wewe, kumbe na wewe unanilinda mimi, tukawa kama watu wawili walioshika ncha mbili za shuka moja gizani, kila mmoja anavuta amfunike mwenzake. Kipimo chenyewe ni sindano nene ya kuingia kwenye mfupa wa nyonga, watoe uboho wauangalie. Ndicho nilichoshindwa kuandika.

Jana ndiyo ilikuwa siku yake. Nilimvisha gauni la maua, nikajivisha na mimi lile la harusi ya mdogo wangu, ili wasituone watu wa hivi hivi. Nilibeba mashati ya shule ya wateja niyawekee vifungo kwenye foleni, maana mikono yangu haijui kukaa bure. Kwa hiyo mkobani nilikuwa na uzi, mkasi na kopo la vifungo.

Tukaingia. Daktari wa damu ni mama mtu mzima, haongei sana. Kulikuwa na muuguzi anaandaa pamba na dawa ya kufutia. Akamwambia Chiriku, "Ukitulia nitakupa peremende."

Mwanao akamwuliza, "Tamu au chungu?"

"Peremende chungu umeiona wapi wewe?"

"Mama hunipa moja asubuhi na moja jioni. Ndogo nyeupe. Chungu, lakini ukiimeza na uji inapita. Anaificha kwenye vifungo."

Muuguzi akaiweka pamba chini. Daktari akaacha kuandika. Mimi nikacheka, nikasema, "Huyu tunamwita Chiriku, daktari, hana breki." Chiriku akajiona ameitwa mwongo. Akashuka kitandani, akafungua mkoba wangu mbele ya watu wazima, akatoa kopo, akalimimina kwenye ile sinia yao ya chuma. Vifungo vikatawanyika chumba kizima. Kisha akasimama anachambua kama anachambua mchele: "Hiki kifungo, hiki kifungo, hiki cha kwangu. Hiki kifungo." Daktari wa damu alivaa miwani, akainama, akachambua naye.

Sasa nikueleze. Dada yako aliposema mtoto analishwa upepo, nilikaa mwezi mzima najiuliza nifanye nini. Mama wa vitambaa, yule anayenipitishia vipande vya bei nafuu mlangoni, akaniambia dawa ya maneno ni shavu. Akafungua kimfuko cha nailoni. Wanaviita vidonge vya shavu. Akasema si dawa, ni vya hamu ya kula, watoto wa wakubwa wote wanapewa. Nikampa Chiriku, na wiki haikuisha akaanza kula. Baba Chiriku, wewe hujui raha ya kumwona mtoto wako anakomba sahani. Sikuwahi kuiona kwake. Nikaendelea tangu hapo.

Daktari akaniuliza, taratibu kabisa, "Mbona ulisema hatumii dawa?"

Nikamwambia ukweli wangu. Dawa hununuliwa duka la dawa na hupewa mgonjwa. Hivi nimenunua kwa mama wa vitambaa, na mwanangu hakuwa mgonjwa. Hata wewe uliponiuliza, nilikujibu kwa moyo mweupe. Havikunijia akilini, kama vile mtu akikuuliza una silaha nyumbani hukumbuki kisu cha vitunguu.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema hii ni dawa kali, ndugu wa zile wanazopewa watu wenye pumu mbaya na uvimbe wa ndani. Inafungua njaa, inajaza maji na mafuta usoni, na inatoa askari kambini bila vita yoyote. Wanazurura tu kwenye damu, na karatasi inawahesabu wote. Mashavu yale niliyokuwa natembea nayo mtaa mzima yalikuwa uvimbe.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo hana ule ugonjwa?"

Akasema, "Sijasema hivyo. Nimesema sasa tuna sababu nyingine ya kuitazama kwanza. Dawa hii inaweza hata kuuficha ugonjwa ule nisiuone." Damu yake ameiangalia kwa darubini na hajaona chembe changa zile mbaya. Sindano ya mfupa ameiahirisha. Tutarudi, na kurudi tena.

Nikamwambia kopo lote nalitupa jalalani leo hii. Hapo ndipo alipopandisha sauti. Akasema nisithubutu. Mwili wa mtoto una dawa ya namna hiyo unayojitengenezea wenyewe, lakini ukiletewa ya nje kila siku unaacha kutengeneza. Ukiikata ghafla, mtoto anaweza kuzimika kwa homa ndogo tu. Ameniandikia ya kwao, inapungua kidogo kidogo mpaka mwili ukumbuke kazi yake. Akitapika au akipata homa, mbio hospitali, hata kama ni usiku.

Mwisho akaniuliza, "Kuna mtoto mwingine uliyempa?"

Muuguzi alikuwa ananitazama. Mlango ulikuwa wazi na foleni inasikia. Na mimi nilikuwa nimevaa gauni la harusi.

Nikasema hakuna.

Baba Chiriku, wapo watatu. Pacha wote wawili, na mtoto wa fundi baiskeli.

Mama Chiriku


Aprili 8

Mama Chiriku,

Nimesoma barua mara mbili, ya pili nikiwa nimetoka nje.

Sina hasira na wewe kwa vidonge. Nilikuwa nayo, nikaitafuna na chakula cha mchana, ikaisha. Uliona mtoto anakula ukafurahi. Mimi nami nilibandika hiyo picha nikaringa nayo kambi nzima, na sikujiuliza shavu limetoka wapi. Nimeibandua jana. Hapana, nimeirudisha, ni mtoto wangu hata akivimba.

Lakini hao watatu ni watoto wa watu. Sema sasa. Kesho usingoje. Daktari amekwambia ukiendelea ni hatari na ukiacha ghafla ni hatari, na wenye watoto hawajui hata moja kati ya hayo mawili. Siku mama wa vitambaa asipopita, watoto hao wameacha ghafla, na hakuna atakayejua wamezimika kwa nini.

Watakusema. Najua ulivyo, kusemwa kwako ni kama kukatwa kidole. Waache waseme. Mwenye mdomo hapotei, na wewe Mungu hakukunyima mdomo. Uliutumia kusifu, utumie na kwa hili.

Dada yangu nitamwandikia mwenyewe. Usimjibu chochote mpaka apate barua yangu.

Zege la sakafu tunamwaga wiki ijayo. Baadaye nakuja.

Baba Chiriku


Aprili 14

Baba Chiriku,

Barua yako ilipofika nilikuwa napima suti ya mteja. Nikamwacha na pini zake begani, nikatoka.

Nilianza kwa Mama Pacha. Alikuwa anafua. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingemaliza. Alinisikiliza akikamua shati, akalikamua mpaka nikalionea huruma. Kisha akaniambia, "Mama Chiriku, ukipata sifa zinakuwa zako peke yako. Ukipata balaa ndiyo unatugawia."

Nikamwambia ni kweli.

Akasema, "Sitaki uniambie ni kweli. Nataka ubishe, nikutukane vizuri."

Nikamwambia atanitukana njiani, tubebe watoto. Alinitukana njiani. Ana matusi ya kiungwana yule mama, sikuyajua mengine. Nilimbeba pacha mmoja mgongoni, yeye akambeba mwingine.

Mke wa fundi baiskeli alikuwa kazi nyingine kabisa. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni akasema, "Wako ameanza kusinyaa, sasa wangu ameanza kunawiri, ndiyo unakuja na hadithi." Nikaapa. Akasema viapo vyangu anavijua, ndivyo nilivyomwapia kwamba vidonge havina madhara. Na kweli nilimwapia. Nikamwita Chiriku. Nikamwambia, "Mweleze shangazi ulichofanyiwa hospitali." Mwanao akamweleza kuanzia sindano nene mpaka sinia ya chuma, na kwa faida ya jirani akaongeza chumvi, akasema sindano ilikuwa ndefu kama mwiko. Fundi baiskeli mwenyewe alikuwa anasikia kwenye karakana. Akaweka spana chini, akanawa mikono, akamchukua mtoto wake bila kumwuliza mkewe.

Basi tukaingia zahanati kama msafara. Yule daktari mdogo alipoona mimi naongoza alidhani nimekuja kuonyesha namba. Nikamwambia mbele ya wote, kwa sauti ya kusikika hadi dirisha la dawa: "Daktari, kule hospitali kubwa niliulizwa kama nimempa mtoto mwingine nikasema hakuna. Nilidanganya. Ni hawa hapa." Daktari akawaita watoto mmoja mmoja.

Pacha namba zao zimepanda, si kama za Chiriku. Wa baiskeli naye vilevile. Wote hawajatumia muda mrefu, daktari amesema watapunguziwa haraka na atawaangalia. Mpimaji wa miwani aliwachoma wote watatu, na safari hii pacha hakulia. Mama Pacha aliniambia, "Hilo katangaze."

Sijatangaza, nimekuandikia wewe tu.

Mama wa vitambaa alipita jana. Nilimwambia nasubiri watu wa idara ya afya waje waone kimfuko chake. Ameondoka na vitambaa vyake, na kipande changu cha hariri nilichokuwa nimekitaka kimekwenda naye.

Chiriku anakula nusu sahani. Inaniuma kuiona nusu ile nyingine. Hatujajua bado, Baba Chiriku. Kila asubuhi namshika paji la uso kabla sijajishika mwenyewe. Njoo.

Mama Chiriku


Juni 9

Baba Chiriku,

Tangu uondoke nyumba imerudi kuwa na nafasi, lakini hakuna wa kukosoa chai. Mtoto anauliza kila siku kama daraja likikamilika utalipanda uje juu yake. Nimemwambia daraja haliji, wewe ndiye utakayekuja.

Leo tumetoka hospitali kubwa. Dozi ya mwisho aliimeza mwezi uliopita, ulikuwepo, ulimshikia kikombe. Leo wamepima akiwa hana chochote mwilini. Daktari wa damu aliichukua karatasi akaisoma, nami nikasoma uso wake, na uso wa yule mama hausomeki hata kwa miwani yake mwenyewe. Chiriku akamwuliza, "Askari wangu wako wapi?"

Akamjibu, "Wamerudi kambini."

Elfu saba na mia nne. Nikamwuliza ni nzuri au mbaya, maana nimeshajifunza kutoshangilia peke yangu. Akasema, "Ni ya kawaida." Kwenye darubini kawaida. Ini kawaida, shingo kawaida. Sindano ya mfupa hatuihitaji. Atamwona tena baada ya miezi, akikaa hivi basi. Nikamwuliza, "Kawaida kama watoto wengine wote?" Akasema, "Kama watoto wengine wote, mama."

Baba Chiriku, wewe unajua ninavyomsema mtoto huyu. Nimesema ana akili kuliko darasa, ana sauti kuliko kwaya, alitembea kabla ya wenzake. Leo nimepita foleni nzima nikiwaonyesha watu wasionijua namba ambayo hata mshale haina. "Kawaida," nawaambia. "Tazama, kawaida kabisa." Mzee mmoja alinipa pole.

Pacha nao wako sawa, na wa baiskeli. Mama Pacha bado ananisema, lakini jana alinisemea uani kwangu akinywa chai yangu, kwa hiyo tumepatana.

Uso umerudi. Shingo imerudi ile ya uzi. Amekuwa wewe mtupu. Wifi amesema atakuja Jumapili. Barua yako ameipata, najua, maana amenitumia salamu ndefu zisizo na kichwa, ndiyo namna yake ya kuomba radhi. Lakini ulimi ni ulimi, najua akimwona atasema amekonda. Akisema, nitamjibu ndiyo, wifi, amekonda, karibu chakula.

Gauni la maua linampwaya, nimelipunguza jioni hii tena ubavuni pale pale. Mkasi nilikuwa nao mkononi, nikauweka chini. Kitambaa kilichozidi sikukikata. Nimekikunja ndani nikakipiga mshono mlegevu. Siku akikifikia mwenyewe, nitafumua.

Ni mimi, fundi wako,
Mama Chiriku